Iddi Pili Kisiwani

Ukisimama gatini Kilwa Masoko asubuhi, kabla jua halijawa kali, unaliona Gereza, ngome ya kale ya Kilwa Kisiwani, ng'ambo ya maji, limekaa ufukweni na nyuma yake minazi na mibuyu. Ndivyo lilivyokuwa katikati ya miaka ya 1980, nilipokuwa msichana wa shule ya msingi. Sisi watoto wa Masoko tulilitumia kuelekezana: samaki wamejaa upande wa Gereza, jahazi limetia nanga mkabala na Gereza, mvua hiyo inatokea Gereza. Kwamba kulikuwa na watu waliolijenga, na wengine waliokuja kulichukua, hilo lilikuwa jambo la baba, ambaye alikuwa mwalimu.

Baba alitoka Songea, akaletwa Kilwa na barua ya uhamisho. Mama alizaliwa Kisiwani. Mtu wa Songea aliyeoa Kilwa hujifunza upesi kula samaki bila kukwamwa na miiba, na hujifunza kwenda ukweni kila Iddi. Iddi mosi tulikula Masoko. Iddi pili ilikuwa ya bibi. Desturi yetu ilikuwa kuvuka, kula, kulala usingizi wa mchana mkekani, kisha kurudi. Mwaka ule baba akasema tukishakula tutakwenda Husuni, kwenye magofu ya jumba la kale, sote, na mama pia. Alikwisha kuwapeleka wanafunzi wake huko, lakini mke wake, aliyezaliwa kisiwa hichohicho, hakuwa amekanyaga Husuni tangu alipovunja ungo.

"Nikafuate nini, Mwalimu?" mama aliuliza huku anakunja nguo. Alimwita Mwalimu kama mji mzima ulivyomwita. "Huko tulikuwa tunakwenda kuokota kuni."

Ilikuwa miaka ya shida ya bidhaa. Sukari tuliipangia foleni, sabuni tuliikata vipande na kuvificha. Mama alikuwa ameweka sukari ya bibi tangu mwezi wa Rajabu, kidogo kidogo, ndani ya kopo la maziwa ya unga lililowekwa juu ya kabati, na usiku ule aliimimina kwenye gazeti, akaifunga, akaifunga tena kwa kitambaa. Nguo zetu za Iddi zilikatwa jora moja: gauni langu, shati la kaka, kaptura ya mdogo wetu, zote maua mekundu ya aina moja. Mtu akituona kwa mbali asingehitaji kuuliza ni watoto wa nani.

Mashua ya kuvukia ilikuwa ya mzee mmoja ambaye sikuwahi kumwona amevaa kitu kingine zaidi ya msuli na kofia ya mkono. Ndani yake kulinuka sifa, yale mafuta ya papa wanayopakia mbao, harufu ambayo wageni huikimbia na mimi mpaka leo nikiisikia naona njaa, kwa sababu baada yake kilifuata chakula cha bibi. Maji yalikuwa yakipenya taratibu katikati ya mbao, na kijana wa mashua aliyafua kwa kopo bila kuyatazama, kama mtu anayejikuna. Kusi lilikuwa bado halijaamka vizuri. Ilibidi tubishe, tanga na foromali, mti unaolishika, vikihamishwa huku na huku, na kila vilipohamishwa nahodha alisema neno moja tu, "Vichwa!", nasi wote tuliinama, mama pamoja na kikapu chake.

Mama hakuipenda bahari, ingawa ilimlea. Alijifunika khanga mpaka puani na mkononi ameshika ndimu iliyokatwa, anainusa. Kaka alijaribu kumwonyesha samaki waliokuwa wakiruka. Alijibu kwa ndani ya khanga kwamba ameshawaona. Chini yetu maji yalibadilika rangi, kutoka kijani cha gatini mpaka buluu nzito ya mkondo, kisha yakarudi kijani, halafu tukaanza kuona mchanga, majani ya bahari yamelala upande mmoja, na nyota za bahari nyekundu. Hapo mama alifunua uso.

Maji yalikuwa yamepwa nusu, kwa hiyo mashua haikufika pwani. Tulishuka na kuvuka kwa miguu, viatu vimeninginizwa shingoni. Baba alikunja suruali yake ya tetroni mpaka magotini na miguu yake ya bara ikaonekana, myeupe kwa vumbi la chaki, kama mama alivyopenda kusema. Mjomba alikuwa anatungoja kwenye mchanga, mkubwa, kifua wazi, mikono yake imekauka na kupasuka kwa chokaa. Mjomba alikuwa mwashi. Alichoma chokaa mwenyewe, kwa matumbawe yaliyopangwa juu ya magogo mpaka yakafanya kilima, na moto wake uliwaka usiku kucha. Alimpokea mama kikapu, akamwamkia baba, "Habari za huko, shemeji," halafu akatunyanyua sisi mmoja mmoja kwa kwapa, akitupima uzito.

Njia ya kwenda kwa bibi inaanzia palepale Gereza. Baba hakuweza kupita bila kuingia. Lango lake lilikuwa na mlango mzito wa mbao, na ukivuka kizingiti unajikuta uani, mbingu juu yako, kuta pande zote, na mbuzi. Mbuzi walikuwa wamelala kivulini kana kwamba ngome ilijengwa kwa ajili yao. Baba alisimama katikati ya samadi akatueleza kwamba Wareno waliweka ngome hapa mwaka 1505, wakaondoka mwaka 1512, na kwamba kuta nyingi tunazoziona ni za Waarabu wa Oman waliokuja baadaye sana. Kaka aliuliza kama Wareno waliacha bunduki. Mdogo wetu alikuwa amegundua kwamba akipiga kelele kwenye kona ya mnara sauti inarudi, basi maelezo ya Oman yalikwenda pamoja na jina lake mwenyewe likiitwa na kuitikiwa.

Upande wa baharini ukuta ulikuwa umeanguka. Mawimbi yalikuwa yameuchimba chini mpaka ukakosa pa kukanyaga. Vipande vikubwa vilikuwa vimelala mchangani, vingine bado vina lipu, na kaa wamefanya nyumba ndani. Miaka mingi baadaye, mwaka 2004, UNESCO iliiweka Kilwa Kisiwani, pamoja na Songo Mnara, katika orodha ya urithi ulio hatarini, na ikakaa humo mpaka 2014. Mjomba alikuwa amekwisha kuiona hatari hiyo. Siku ile alichutama penye ufa, akaingiza vidole, akatoa unga wa chokaa, akausaga kwa kidole gumba na kuuonja kwenye ncha ya ulimi.

"Chokaa hii ililazwa," alimwambia baba. "Si ya kuchoma leo na kujengea kesho. Ililala kwenye maji miezi."

Baba alitaka kuandika hilo kwenye daftari lake, akauliza miezi mingapi. Mjomba alisema hiyo ni siri ya aliyeilaza.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya udongo na miti, paa la makuti, na kibarazani mkeka wa ukili wenye rangi tatu ambao hutandikwa siku ya Iddi tu. Kabla hujamwona bibi ulikuwa unapokewa na harufu: udi uliofukizwa chumbani tangu alfajiri, asumini, nazi inayochemka, na moshi wa kuni za mkoko, ambao hauumizi macho kama moshi mwingine. Tulimshika mkono mmoja mmoja. "Shikamoo bibi." "Marahaba, marahaba mjukuu wangu, umekuwa twiga." Baba alimwamkia ameinama kidogo, na bibi akamjibu ameuelekeza uso pembeni, kwa heshima ya mkwe, ingawa baadaye ni yeye aliyehakikisha kwamba kidari cha kuku kinakwenda kwenye sahani yake.

Tulikula pilau, na pweza wa nazi aliyepondwa mpaka akalainika, na mkate wa kumimina wenye iliki, na tambi tamu zilizopikwa kwa sukari ileile ya kopo. Bibi alikuwa ameipokea, akaipima kwa mkono, akasema, "Sukari yote hii mwanangu, mnakunywa nini huko?" kisha nusu yake akaimaliza kwenye tambi. Ndivyo alivyokuwa. Kitu kikija, kinaliwa.

Wakati wa chai ya mchaichai ndipo alipotoa hadithi ya kisiwa, na tuliijua, lakini kila Iddi tuliiomba. Zamani mwenye kisiwa aliitwa Mrimba. Akaja Mshirazi na merikebu zake, akakipenda kisiwa, akaomba kukinunua. Mrimba akasema, nipe nguo, nguo ya kukizunguka kisiwa chote. Mshirazi akatandika nguo kutoka pwani hii, akazunguka, akazunguka, mpaka ncha zikakutana. Mrimba akazikunja nguo zake, akavuka kwenda bara, na alipotaka kurudi kwa vita wakati maji yamepwa, wale wageni walikuwa wamekwisha kusoma Kurani na kufanya mambo yao, na bahari ikakataa kupwa. Mpaka leo maji hayaondoki yote kwenye mkondo ule, bibi alisema, na kidole chake kilielekea tulikotoka.

Baba alisema hadithi hiyo imo hata katika maandishi ya zamani ya Kilwa. Bibi hakushangaa. Mama yeye alikuwa anapiga hesabu nyingine kabisa. Mwaka ule khanga moja ilikuwa inatafutwa wiki nzima na kupatikana kwa kujuana. "Kisiwa chote," alisema, akitikisa kichwa. "Nguo yote hiyo. Hivi hao wanawake wa Mrimba walivaa nini walipofika bara? Maana yeye amezikunja zote." Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa leso.

Kwenda Husuni ilibidi tupite kwenye Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini, kongwe kuliko nyingine, ya karne ya 11 au karibu na hapo, haina paa, na nyasi zinaota ndani. Ukiingia sehemu kubwa ya kusini ubaridi unakupokea mguuni kwanza. Kuba moja baada ya nyingine, nguzo za mawe zimesimama kwa safu, na mwanga unaingia vipande vipande kupitia mahali palipobomoka. Tulivua viatu, ingawa hakuna aliyetuambia. Mama alijitanda vizuri. Popo walikuwa juu, na harufu yao ilichanganyika na ya mawe mabichi.

Hapo kwenye ngazi baba alitusimulia kuhusu Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyeitwa Abul-Mawahib, baba wa vipawa. Ijumaa moja sultani anatoka msikitini, fakiri kutoka Yemen akamzuia njiani na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi chumba cha khatibu, akavaa nyingine, zile akampa. Kaka alikuwa na wasiwasi mkubwa katikati ya hadithi, akidhani sultani alirudi nyumbani uchi, na alipopata habari ya chumba cha khatibu alipumua. Baba aliendelea kwamba mwana wa sultani alizikomboa nguo zile kwa fakiri akampa watumwa kumi, na sultani akaongeza wengine kumi na pembe za ndovu. Alisoma haraka haraka, akafunga daftari. Mama alikuwa anamfungia mdogo wetu kifungo cha kaptura ya maua. Alimtazama baba, asiseme kitu.

Njia ya Husuni inafuata pwani kuelekea mashariki. Tulitembea kwa mstari mmoja, mjomba mbele na panga, akikata miiba iliyoinamia njiani. Kulikuwa na mashamba ya mihogo, mibuyu isiyo na majani, minazi ambayo mjomba aliijua kwa majina ya wenyewe, na upande wa kushoto, nyuma ya mikoko, bahari iliyopwa na kuacha tope linalong'aa. Wanawake walikuwa mbali kwenye miamba, wameinama, wanachokoa pweza. Kusi lilikuwa sasa limeamka. Mama, aliyesema hana cha kufuata, ndiye aliyekuwa akisimama kila mara: hapa kulikuwa na mkwaju, wameukata nani, hapa ndipo alipoumwa na nge, kisima hiki kilikuwa na maji matamu kuliko vyote, akina dada wakigombania zamu.

Ukifika hujui kama umefika. Unaona kichaka, kisha kichaka kinakuwa na pembe iliyonyooka. Kuta zilikuwa zimesimama kiasi cha kifua, nyingine juu zaidi, mizizi imezikumbatia, na ghafla uko kwenye uwanja mkubwa, na kisima katikati yake, halafu mwingine, halafu vyumba, na vyumba ndani ya vyumba. Zaidi ya 100, baba alisema. Jumba lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, na dhahabu ya Sofala ndiyo iliyolipa. Mwingereza Neville Chittick alikuja kulichimba na kulipima, kila ukuta, na mjomba alikumbuka vijana wa kijiji waliobebeshwa udongo wakati ule na kulipwa kwa siku.

Sisi watoto tulitaka birika. Liko mahali wazi, lina pembe nane, na kingo zake zinashuka kwa ngazi mpaka chini. Lilikuwa kavu, lina majani na konokono. Tuliingia, tukaogelea hewani, tukalala chali na kutema maji ambayo hayakuwapo. Kaka alikuwa sultani. Mimi nilikuwa sultani mwingine, kwa sababu nilikataa kuwa mke wa sultani. Baba alikaa ukingoni na daftari, uso wake umelegea kwa furaha niliyokuwa naiona tu alipofundisha.

Mama alizunguka birika lote, pembe baada ya pembe. Alichutama, akatazama chini, akatazama upande wa kisima cha uwanjani, akapima kwa macho.

"Mwalimu," alisema. "Hili nani alikuwa analijaza?"

"Maji yaliletwa kutoka kisimani."

"Yaliletwa na nani?"

"Watumishi."

"Kwa ndoo?" Hakuwa anagomba. Alikuwa anauliza kama mtu anayeulizia kazi anayoijua. Alizaliwa kisiwa cha visima, ameteka tangu hajaota meno ya ukubwa. Akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, ndoo ya kichwa, safari ya kwenda na kurudi, jua la namna hii, akafika mahali akaacha. "Na wakishaoga," alisema, "yanamwagwa. Kesho tena."

Baba alifungua daftari, akageuza kurasa. Mle kulikuwa na sultani, na baba wa sultani, na mwaka. Akalifunga. "Labda hawakuoga kila siku," alisema, na mama akasema hilo ni kweli, wanaume ndivyo walivyo, na sote tukacheka, na mjomba zaidi.

Mjomba alikuwa amesimama kwenye ukuta wenye vishubaka vya taa. Nakumbuka mkono wake. Aliuweka wazi juu ya lipu, akaupitisha polepole kutoka juu kwenda chini, akasimama penye ukingo wa kishubaka, akaufuata kwa ukucha. Ukingo ulikuwa mkali bado. Alituita tuguse. Alisema jiwe hili si la kuchimba nchi kavu. Ni tumbawe lililotolewa baharini likiwa hai, wakati linakatika kwa tezo na kuchongeka, na ukilianika linakuwa gumu. Mtu aliyechonga hapa alilazimika kumaliza kabla halijamkaukia. "Na hakuharibu," alisema. Alirudia kugusa. "Huyu bwana alikuwa anajua kazi." Alizungumza kama fundi anayemsifu mwenzake aliyeondoka jana.

Kule mwisho wa jumba ardhi inakatika na unajikuta juu ya genge, mikoko chini yako, na ngazi za mawe zinazoshuka kuelekea majini. Upepo ulitupiga usoni. Tulikaa hapo, mama akamenya machungwa kwa kisu cha jikoni, maganda yakatoka mviringo mmoja bila kukatika, akayatupa gengeni. Chini kwenye udongo kulikuwa na vigae vya vyungu, na vingine vidogo vya kijani laini, vya bakuli za China. Mdogo wetu alijaza mfuko wa kaptura. Baba alimfanya avirudishe kimoja kimoja, na nina hakika kimoja kilivuka bahari, kwa kuwa nilikiona baadaye ndani ya kiberiti, chini ya mto wake.

Bibi alitusindikiza mpaka Gereza, akiwa ametufungia mihogo mibichi, nazi na kuku aliye hai, miguu imefungwa kwa ukili. Mama alilalamika kwamba kikapu kimekuwa kizito kuliko kilivyokuja. Bibi akasema ndiyo maana ya kikapu. Mjomba alivuka nasi, kwa kuwa alikuwa na kazi ya msingi wa nyumba Masoko kesho yake.

Sasa tulikuwa na upepo wa nyuma, na tanga lilijaa mpaka kamba zikalia. Mashua ilikwenda kwa kasi, kuku akipiga kelele kila wimbi. Nyuma yetu ukuta ulioanguka wa Gereza ulionekana wote, na baba akasema siku moja serikali itakuja kuutengeneza kwa saruji, utasimama miaka 100. Mjomba aligeuka kama aliyetukanwa. Saruji! Saruji inaziba, alisema, ukuta wa chokaa unapumua, unapata chumvi unaitoa, ukiupaka saruji unautia kwenye gunia, utaoza ndani na nje unang'aa. Baba akasema madaraja yote duniani ni ya saruji. Mjomba akasimama, katikati ya mashua, akanyoosha mkono kulionyesha Gereza, aanze kueleza tangu msingi.

"Fundi, kaa chini," nahodha alisema, "foromali haina heshima na mtu."

Mjomba akakaa, na huku amekaa akaendelea.